Kwa nini twiga wa Mikumi hawashtuki semi, lakini wakiona baiskeli wanatimua mbio?

#1 Binti_Kihonda
Habari za jioni wakuu. Kuna jambo tumeshindwa kukubaliana sisi tunaoendesha baiskeli za mbio hapa Morogoro, nimeona nilete huku.

Tunapiga sana barabara ya Iringa: Mzumbe, Melela, Doma, na siku miguu ikikubali tunaunganisha hifadhi yote hadi Mikumi mjini. Ni kama kilomita 120 kwenda, na 50 kati ya hizo ziko ndani ya hifadhi. Sasa pale kwenye mbuga ya Mkata, nyasi zimetandaa mpaka unaona milima kule mwisho, ndipo penye kioja. Twiga wamesimama karibu kabisa na lami. Linapita semi la makontena, ardhi inatetemeka, twiga hata sikio hageuzi. Linapita basi. Zinapita IT, yale magari yanayovushwa kwenda nchi jirani, msururu mzima zinakwenda Tunduma. Anatafuna tu. Nakuja mimi na kibaiskeli changu, sina honi wala moshi: shingo zote zinainuka kwa mpigo, wananikazia macho, halafu hao. Pundamilia ndio usiseme, wanaanza kuondoka nikiwa bado mbali.

Mwenzangu mmoja anasema ni harufu ya jasho. Mwingine anasema ni kumbukumbu ya majangili. Mimi nina langu, nitalisema baadaye nisiwaharibie. Mnasemaje?

#2 Chongo_Mmoja
Wanakimbia ile kaptula ya kubana. Hata mimi ningekimbia.

#3 Dokta_Mifugo
Binti, jibu si gumu. Kwa mnyama wa porini, gari si mtu. Ni kitu kikubwa chenye kelele kinachopita kwenye mstari uleule kila siku na hakijawahi kumfanya lolote akiwa nje ya lami. Baiskeli ina kichwa, mabega, mikono na miguu inayozunguka. Hilo ni umbo la binadamu, tena limeinuka juu na linakwenda kasi. Ukitaka ushahidi, panda gari la utalii uone: swala pala wametulia hatua chache kutoka dirishani, lakini mtu mmoja afungue mlango akanyage chini, kundi zima linafumuka. Gari ni lilelile, watu ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba umbo la mtu limejitenga na gari.

Kila mnyama ana umbali wake wa kuvumilia, na umbali huo hubadilika kwa anachokiona. Kwa gari ni mita chache, kwa mtu wa miguu ni mara nyingi zaidi. Baiskeli inaangukia upande wa mtu.

#4 Semi_la_Tunduma
Nimepita hiyo njia usiku na mchana, Dar hadi Tunduma mpaka Zambia, kwa hiyo naongea nikiwa kwenye kiti. Dokta umesema vizuri ila umesahau sauti. Mimi nikiwa bado mbali wanyama wameshanisikia. Nikifika kwenye rasta, vile vituta vidogo vidogo vya lami, gurudumu zinapiga trrrr, nikifika kwenye tuta napunguza giya, kila kitu kinatangaza kwamba nakuja. Baiskeli haitangazi. Mnyama anainua kichwa, kitu kiko hapo! Hata ungekuwa wewe ungeruka.

Na ninyi wa baiskeli naomba mnisikilize hapohapo. Msipite kule jioni. Jua la kuzama linatupiga usoni sisi tunaoelekea Iringa, mtu wa baiskeli ananipotea kabisa kwenye mwanga.

#5 Kalamu_Nyekundu
Kabla hatujafika mbali: hivi inaruhusiwa kweli kupita hifadhini kwa baiskeli? Mimi najua ndani ya hifadhi za taifa huruhusiwi kutembea kwa miguu bila kibali na askari.

#6 Mtoto_wa_Doma
#5 ile ni barabara kuu ya nchi, si njia ya watalii. Hulipi kiingilio kupita. Watu wa kwetu wanapita na baiskeli ingawa si wengi.

#7 Ngozi_Ngumu
#6 usimdanganye mwenzio. Mimi nilisimamishwa pale mwanzo wa hifadhi, askari aliyekuwa zamu akaniambia kwa upole kabisa kwamba asubuhi hiyo kuna simba wamelala karibu na lami, nisubiri lori. Baiskeli ikafungwa juu ya magunia ya vitunguu, nikavushwa. Sikulipa kitu, utingo alitaka soda tu.

#8 Mtoto_wa_Doma
Sasa hapo si umeambiwa kuna simba? Hujaambiwa baiskeli ni marufuku.

#9 Ngozi_Ngumu
Matokeo ni yaleyale mkuu. Nilifika Mikumi nikinuka vitunguu.

#10 Binti_Kihonda
Sisi tumepita siku nyingi bila kuulizwa, na kuna siku tumeambiwa turudi. Kwa hiyo #6 na #7 wote wako sawa kwa upande wao. Ushauri wangu ni mmoja: ukiambiwa subiri, subiri. Naomba turudi kwa twiga.

#11 Mtoto_wa_Doma
Turudi. Mimi niko upande wa hoja ya majangili. Nyie mnaozungumza umbo na sauti hamjui nyama pori ilikuwa inatokaje huku. Ilikuwa inatoka kwa baiskeli. Phoenix yenye karia ngumu, magunia mawili, usiku, hakuna taa. Mtu anaingia na mbwa na nyaya za kutegea, anarudi na mzigo. Kwa mnyama, baiskeli na kifo vilikuwa vinakuja pamoja. Mama alikimbia, mtoto akajifunza kukimbia, na mtoto wa mtoto anakimbia bila kujua sababu. Gari halikuwa na kazi hiyo.

#12 Mwalimu_Mstaafu
Vijana hamjambo. Niongeze kidogo kwa #11, maana kuna upande wa pili wa hesabu hiyo. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964. Mwaka uliofuata Rhodesia ikajitangazia uhuru wake wa walowezi, Zambia ikabanwa njia ya kusini, na malori ya mafuta yakaanza kupita huku mchana na usiku. Barabara ilikuwa ya vumbi na matope, ajali kila kona, mpaka madereva wakaiita njia ya jehanamu. Lami ilikuja baadaye. Kwa hiyo malori yamekuwepo tangu hifadhi ikiwa changa. Twiga akiishi sana porini ni miaka 25 hivi. Piga hesabu wenyewe ni vizazi vingapi vimezaliwa vikisikia injini. Wanyama wale wamelelewa na malori.

#13 Kalamu_Nyekundu
Ahsante mwalimu. Ina maana barabara ndiyo iliyoingilia hifadhi?

#14 Mwalimu_Mstaafu
La. Njia ya Morogoro kwenda Iringa ilikuwepo kabla ya hifadhi, tangu enzi za Mwingereza. Lami nzito ya kwenda Zambia ndiyo iliyofuata baada ya hifadhi. Watu huvichanganya hivyo viwili.

#15 Mpenda_Takwimu
Na wasisahau kwamba Mikumi ni ya tatu kwa ukubwa nchini, wanyama wana nafasi ya kutosha kukaa mbali na barabara wakitaka. Wanaokaa karibu ni wale waliozoea tu.

#16 Kalamu_Nyekundu
#15 hiyo ya tatu ni ya vitabu vya zamani. Mikumi ni kilomita za mraba 3,230. Nyerere iliyoanzishwa 2019 peke yake inapita 30,000, kuna Ruaha, kuna Serengeti, na Katavi nayo inaizidi Mikumi. Sahihisha mkuu.

#17 Mpenda_Takwimu
Ukubwa haubadilishi hoja. Kushoto ukitoka Morogoro ni miombo inayopanda vilima hadi unaungana na Nyerere, kulia ni mbuga. Mnyama anayechagua kula kandokando ya lami ana sababu. Maji ya mvua yanatiririka kutoka kwenye lami yanaingia pembeni, nyasi pale zinakaa kijani wakati kwingine kumekauka. Tena zinafyekwa, ziko fupi, simba hapati pa kujificha. Yuko pale kwa faida yake na ameshapima hatari zake zote. Baiskeli haikuwemo kwenye mahesabu.

#18 Chongo_Mmoja
Twiga mwenye mahesabu. Na mimi bado nadaiwa dukani.

#19 Mkenya_wa_Naivasha
Hamjambo ndugu zetu. Nimeusoma uzi wote na nina swali kwa #3 na #11. Hapa kwetu Hell's Gate, kama kilomita 90 kutoka Nairobi, baiskeli ndiyo njia ya kawaida ya kuingia. Unakodi pale langoni, unakanyaga zako katikati ya nyasi hadi kwenye ule mnara wa mwamba wa Fischer's, pimbi wanakutazama kutoka juu. Pundamilia wako pande zote mbili na wengi hawajali. Anaweza kusogea hatua mbili tatu, anarudi kula. Kama umbo la mtu lenyewe ndilo tatizo, mbona wa kwetu hawakimbii?

#20 Dokta_Mifugo
Kwa sababu wa kwenu wamezoea, ndugu yangu. Tangu 1984 hifadhi hiyo ilipoanzishwa wamekua wakiwaona watu wa miguu na wa baiskeli kila siku, na hawadhuriwi. Umbo la mtu halina sumu yenyewe. Kinachohesabika ni historia ya hilo umbo mahali husika.

#21 Mtoto_wa_Doma
Yaani unakubaliana na mimi bila kunitaja.

#22 Dokta_Mifugo
Nakubali nusu. Wewe unasema baiskeli. Mimi nasema mtu, awe juu ya baiskeli au juu ya punda.

#23 Jozi_Mbongo
Wakuu nipo huku Johannesburg. Tunaendesha Suikerbosrand, karibu na Heidelberg. Ni hifadhi ya nyasi tupu za nyanda za juu, vilima juu ya vilima, na ndani kuna barabara ya lami nyembamba inayozunguka. Jumamosi asubuhi utakuta baiskeli nyingi kuliko magari. Simba hakuna, tembo hakuna, nyati hakuna. Pundamilia wa pale wanasimama katikati ya lami na wewe ndiye unayesubiri. Lakini sikilizeni sasa: pofu haohao wa hifadhi hiyohiyo, wanaoona baiskeli zilezile, wanatimka mbali sana. Kwa hiyo kuzoea peke yake hakutoshi. Kila aina ya mnyama ana roho yake.

Na vilima vile nisiwafiche, kilele kimepita mita 1,900. Mtu wa Dar ukija pale utatafuta pumzi kwa tochi.

#24 Mkenya_wa_Naivasha
Pofu ni mwoga kila mahali, hata kwetu. Ukubwa wote ule na moyo wa kuku.

#25 Semi_la_Tunduma
Naona sauti imesahaulika. Huko Suikerbosrand baiskeli ziko nyingi, zinasikika. Hell's Gate watalii wanapiga kelele toka getini. Mikumi ni huyu binti peke yake, kimya. Hoja yangu bado imesimama.

#26 Fundi_Spoku
Kimya? Nani kasema baiskeli ya mbio iko kimya? Kaka Semi, wewe uko ndani ya injini, huwezi kujua. Ukikanyaga, ni kweli haisikiki. Ukiacha kukanyaga ukaiachia iteleze, habu ya nyuma inalia. Vile vijino vya ndani vinarukaruka juu ya meno ya friwili, tiki tiki tiki, na habu za bei kubwa ndizo zinazolia zaidi, tena mlio mkali mwembamba. Sasa mwendesha baiskeli akiona twiga anafanya nini? Anaacha kukanyaga ili aangalie! Papo hapo mlio unaanza. Twiga alikuwa ametulia, ghafla anasikia kitu ambacho hakipo porini.

Jaribuni kupita mkiendelea kukanyaga, giya nyepesi, msiache hata kidogo. Na mpake grisi nzito kwenye vijino, inapunguza mlio.

#27 Ngozi_Ngumu
Hii ya Fundi imenikaa. Mimi swala pala walikuwa wanashtuka hasa kwenye mteremko.

#28 Mtoto_wa_Doma
Phoenix ya mkaa inalia kila mahali, fremu, karia, mnyororo mkavu, na hakuna mnyama anayeikimbia sana. Kuna wabeba mkaa wanapita pembeni ya hifadhi huku na mizigo mirefu kuliko wao, nyani wanawatazama tu.

#29 Fundi_Spoku
Si umeona sasa? Mlio mzito unaotangulia ni sawa, mlio mwembamba wa ghafla ndio mbaya. Na wewe mwenyewe ulisema #11 wanyama wanaikumbuka Phoenix ya majangili. Leo Phoenix haikimbiwi tena?

#30 Mtoto_wa_Doma
Nimesema nyani. Nyani hakimbii kitu chochote chenye mfuko. Abiria wa mabasi wamewaharibu, wanarusha mahindi na maganda ya ndizi dirishani. Nyani wa Mikumi akiona baiskeli anaona mkoba mgongoni.

#31 Binti_Kihonda
Hapo ni kweli tupu. Dume moja lilikaa katikati ya njia yetu, likakagua chupa ya maji kwenye fremu, likaangalia mfuko wa nyuma wa jezi ambako kulikuwa na ndizi. Tulisimama tukasubiri basi lipite litufungulie njia. Naomba sana abiria msirushe chakula. Kwanza nyani wanagongwa, pili wanatuandama sisi.

#32 Mfuatiliaji_Kimya
Kuna utafiti ulichapishwa 2023 kutoka eneo la Kruger, Afrika Kusini. Waliweka spika karibu na visima vya maji, zikawa zinatoa sauti za watu wakiongea kawaida, za simba, za mbwa wakibweka na za bunduki. Wanyama walikimbia sauti ya mtu anayeongea kuliko ya simba. Uwezekano wa kukimbia ulikuwa mara mbili hivi. Twiga walikuwemo, pundamilia walikuwemo, hata tembo. Tena sauti zenyewe hazikuwa za kupiga kelele, ni mazungumzo tu kama ya redioni.

Kwa hiyo namuuliza mleta uzi: mkipita pale mnakuwa mnaongea?

#33 Chongo_Mmoja
Wanawake wawili wa Kihonda kwenye baiskeli wasiongee? Kilomita 120?

#34 Binti_Kihonda
#33 tutaonana. #32 swali zuri, ahsante. Tukiwa kundi tunaongea ndiyo, hasa kuonyana: shimo, gari nyuma, kaa kushoto. Lakini ninapokuwa mbele peke yangu sisemi kitu na bado wanaondoka. Labda kwa mbali kidogo kuliko tukiwa kundi, hilo nitaliangalia.

#35 Mzee_wa_Kitalu
Niruhusuni na mimi. Nilifanya kazi ya kufuatilia nyayo kwenye vitalu vya uwindaji kusini, wakati sehemu kubwa ya huko bado inaitwa Selous. Mnalolisema kuhusu gari si kweli kwa kila mahali. Kwenye kitalu mnyama anakimbia gari akiwa hajaliona hata vizuri, anasikia dizeli tu na mkia uko juu. Wanyama wanaopakana na hao, ndugu zao kabisa, wakivuka kuja upande wa Mikumi wanakula pembeni ya lami. Wanajua mipaka kuliko baadhi ya watu. Kwa hiyo Dokta yuko karibu na ukweli, ila asiseme gari si mtu. Mnyama anajua sana kwamba ndani ya gari kuna mtu. Anachojua zaidi ni kama mtu wa mahali hapo huwa anashuka au hashuki.

Na upepo msiudharau kama mnavyoudharau hapa. Hakuna aliyemjibu yule mwenzake binti aliyetaja harufu. Lori linanuka mafuta, linafunika harufu zote. Baiskeli inatanguliza jasho la mtu, na upepo ukiwa unavuma kutoka kwenu kwenda kwao, watajua mko njiani kabla hamjatokeza. Angalieni nyasi zinalalia wapi siku hiyo, mtaniambia.

#36 Dokta_Mifugo
Mzee, shikamoo. Hapo kwenye kushuka na kutoshuka umenifundisha. Kwenye harufu nina wasiwasi kidogo, kwa sababu twiga anategemea macho zaidi. Akiwa na macho makubwa kiasi kile na amekaa juu kiasi kile, atakuona muda mrefu kabla pua haijafanya kazi. Nyati na tembo, hapo nakuunga mkono.

#37 Mzee_wa_Kitalu
Marahaba. Twiga macho, sawa. Lakini pundamilia humtazama twiga. Akiona shingo imegeuka naye anageuka. Mmoja tu akikosea, mbuga nzima inahama.

#38 Jozi_Mbongo
Nani anakumbuka ile video ya 2011? Albert Falls, huku Afrika Kusini, mashindano ya baiskeli za mlimani. Kongoni anakuja mbio kutoka pembeni, anaruka, anamgonga jamaa begani, jamaa na baiskeli wote chini. Huyo hakukimbia baiskeli, aliikimbilia.

#39 Mzee_wa_Kitalu
Hakuikimbilia. Alitaka kukatiza mbele yake. Wanyama wa mbugani wana tabia hiyo, anakimbia sambamba na wewe, anaona unataka kumzuia, anakata mbele ili awe upande wenye nafasi. Nyumbu hufanya hivyo kwa magari kila siku. Ukiona mnyama anakwenda sambamba na wewe, punguza mwendo, mwache akate. Usishindane naye.

#40 Semi_la_Tunduma
Hilo la #39 madereva wote wa njia hii wanalijua. Pundamilia mmoja akivuka, wa pili yuko nyuma. Usihesabu mmoja. Na faini ya twiga ni dola 10,000, nani anataka kucheza?

#41 Kalamu_Nyekundu
15,000. Twiga na tembo wote 15,000.

#42 Semi_la_Tunduma
Wewe Kalamu wewe, hukosi.

#43 Chongo_Mmoja
Twiga akigongwa na baiskeli nani anamlipa nani?

#44 Mfuatiliaji_Kimya
Twiga anamlipa fundi.

#45 Mama_Wawili_Mlali
Habari zenu. Mimi si wa baiskeli, nasoma tu nacheka. Ila kaka yangu alipita huko na jezi ya buluu iliyokoza, alirudi mgongo umejaa manundu. Mbung'o. Walimfuata hadi alipotoka porini. Mwendesha baiskeli anajikingaje?

#46 Dokta_Mifugo
Dada, kaka yako alivaa mtego. Mbung'o wanavutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana vitambaa vya kuwategea hushonwa kwa rangi hizo. Wanafuata pia kitu kinachokwenda, ndiyo maana huyaandama magari ya utalii. Avae rangi za kufifia, kijivu au kahawia ya nyasi. Kaptula nyeusi ndiyo mtihani.

#47 Semi_la_Tunduma
Kahawia ya nyasi? Dokta unataka tuwagonge? Mimi nataka njano na chungwa inayowaka! Mtu wa rangi ya nyasi katikati ya nyasi, asubuhi na ukungu, namwona saa ngapi?

#48 Dokta_Mifugo
Njano basi. Njano si buluu.

#49 Ngozi_Ngumu
Labda ndiyo sababu yenyewe! Jezi zinazowaka. Hakuna kitu cha rangi ya chungwa porini chenye ukubwa wa mtu. Wanashtuka rangi.

#50 Mzee_wa_Kitalu
Wanyama wa kwato rangi ya chungwa hawaioni kama tunavyoiona sisi, kijana. Wawindaji wa nchi za nje huvaa rangi hiyo makusudi ili wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe, na wanawinda vizuri tu.

#51 Mpenda_Takwimu
Naomba nirudishe uzi barabarani. Kuna jambo hatujaligusa: namna baiskeli inavyokuja. Mtu kainama juu ya usukani, kichwa chini, mgongo umelala, kasi ya kilomita 35 kwa saa, mwendo haubadiliki. Mtu wa kawaida hakai hivyo. Mbwa mwitu ndiye anayekuja hivyo, kichwa chini, hachoki, na Mikumi wapo. Inawezekana pundamilia hamuoni mtu kabisa, anaona kitu kinachowinda.

#52 Mtoto_wa_Doma
Mbwa mwitu anayepita kwenye lami upande wa kushoto.

#53 Mkenya_wa_Naivasha
#51 ina mantiki. Hell's Gate baiskeli za kukodi mtu amekaa wima kama yuko sokoni. Hakuna anayeinama. Na mwendo ni wa polepole, barabara ni ya vumbi. Tungeleta baiskeli za mbio tuone.

#54 Binti_Kihonda
Sasa niseme langu. Mimi naona ni kutazama. Dereva wa semi hamtazami twiga, anatazama rasta inayofuata. Basi lina watu hamsini lakini vioo vinawaficha. Mimi namtazama kabisa, nageuza uso mzima, napunguza mwendo. Kila kinachomwinda twiga kinaanza hivyo: kinatazama, kinapunguza mwendo.

Nimejaribu kupita huku nakodolea mstari mweupe tu, mwendo uleule. Twiga wengine wamebaki. Wengine wameondoka vilevile. Mwenzangu aliyekuwa nyuma anasema waliobaki ni wale waliokuwa upande ambao upepo haukuwapelekea harufu yetu, kwa hiyo naye anadai ameshinda kwa harufu yake. Na nilikuwa nakanyaga bila kuacha, kwa hiyo Fundi naye atadai.

#55 Fundi_Spoku
Nadai ndiyo! Andika jina langu.

#56 Mzee_wa_Kitalu
Binti, la kutazama ni la kweli kwa simba pia. Ukikutana naye usimgeuzie mgongo ukakanyaga mbio. Simama, baiskeli iwe kati yenu, rudi taratibu ukimtazama. Akikimbia kwa umbali mfupi anafika hata kilomita 80 kwa saa.

#57 Chongo_Mmoja
Kwa hiyo twiga usimtazame, simba umtazame. Nikichanganya je?

#58 Ngozi_Ngumu
Ukichanganya utapandishwa juu ya vitunguu.

#59 Mfuatiliaji_Kimya
Ushauri kwa Binti na wenzake: mkipita tena, gawaneni. Mmoja aendeshe amekaa wima, mwingine ameinama. Mmoja mwenye habu ya kulia, mwingine iliyopakwa grisi. Msiongee. Mtu wa nyuma arekodi kwa simu iliyofungwa kwenye usukani, asiishike mkononi. Halafu geuzeni mpangilio mkirudi.

#60 Semi_la_Tunduma
Na muwe kushoto kabisa, mmoja nyuma ya mwenzake, si wawili wawili. Bega la barabara pale kuna sehemu limelika, kuna kingo ya lami. Ukiona semi mbili zinapishana mbele yako, toka nje ya lami usimame. Hakuna utafiti unaozidi uhai. Nikiwaona nitapiga honi moja fupi, ni salamu, msishtuke kama twiga.

#61 Binti_Kihonda
Ahsante kaka Semi, honi yako tutaipokea. #59 mpango umekubaliwa, tatizo ni kwamba hakuna kati yetu anayekubali kupakwa grisi habu yake, kila mtu anasema ya mwenzake ndiyo inayolia.

#62 Fundi_Spoku
Leteni zote mbili, nitapaka moja bila kusema ni ipi.

#63 Mama_Wawili_Mlali
Na Mikumi mjini baiskeli zinalala wapi? Kaka yangu anataka kwenda tena. Amenunua jezi ya njano.

#64 Mtoto_wa_Doma
Gesti ziko nyingi pale njiapanda ya Kilombero, mwambie aombe chumba cha chini ili aingize baiskeli ndani. Na abebe tyubu za akiba mwenyewe. Zile za vali nyembamba hatapata kuanzia Doma mpaka Mikumi, maduka ya huku ni ya Phoenix tu.

#65 Fundi_Spoku
Hata hapa mjini zimeisha tangu wiki iliyopita. Anayejua zinakopatikana Dar kwa bei ya kawaida aseme.